Kabichi ya Mzee Luhende

Kijiwe chetu cha Mkolani kina benchi moja, na mguu wake mmoja ni tofali. Bernadeta anauza kahawa hapo, mwanawe Shija mgongoni. Lakini mzee Luhende alikuwa hampi kahawa. Tangu wiki iliyopita alikuwa akimpa uji na vijiko viwili vya kabichi aliyoichachusha mwenyewe kwa chumvi. Mzee alipimwa akakutwa na bakteria tumboni, akapewa vidonge vya siku kumi na nne. Nesi alisema kabichi ile ina bakteria wazuri, huenda wakamsaidia kidogo, pamoja na dawa.

Muhidin fundi viatu, anayeitwa Redio, hakuwa amelisikia hilo. Sindano ilimgandia mkononi.

— Bakteria hai? Mama Shija, unamlisha mzee wadudu wanaotembea?

— Hawatembei. Wanakaa tu.

Pius, aliyepewa jina la Profesa kwa kuwa aliwahi kupika chuoni Butimba, alieleza kwamba wazuri na wabaya wanacheza mechi tumboni. Redio akauliza refa ni nani. Profesa akasema ni bandama. Redio akaapa kuwa timu ikishinda hupanda kichwani kushangilia, ndiyo maana watu huota wanakimbizwa na ng'ombe. Mzee naye alicheka, huku ameshika tumbo.

— Hatari ni vidonge, akasema Profesa. Kidonge hakichagui. Kinaua na wale wa Mama Shija.

— Uliniambia Jumanne, akajibu mzee. Siku hiyo hiyo nikaviacha.

Kicheko kilikatika. Bernadeta alimgeukia mzee.

— Umeacha dawa, mzee?

— Mwanangu, umenikatia kabichi na mtoto mgongoni. Niwaue wadudu wako kwa vidonge?

Bernadeta hakujua alie au amkaripie.

Hapo akafika Hellen, binti wa mzee, aliyekuja jana kutoka Usagara kumuuguza. Aliwaamkia wakubwa, kisha akafungua kiganja. Kilikuwa na vidonge.

— Nimevikuta chini ya godoro. Nani alimwambia baba aviache?

Redio aliinamia soli. Bernadeta alitazama birika.

Hatimaye Profesa aliweka chini kikombe kilichojaa, akamshika mzee mkono, akamwinua polepole.

— Twende kwa nesi, mzee wangu. Nitamwambia ni mimi.