Kurasa za Ukunga Nawaachia Wawili

Sikilizeni wanangu, sogeeni nyote wawili upande huu wa dirisha, kwa maana sauti yangu imekuwa nyembamba na sina nguvu ya kusema jambo moja mara mbili. Nyumba mmekwisha kugawana bila neno, na vyombo vyangu vya ukunga vimekwenda kliniki. Iliyobaki ni ile tovuti, ambayo kwa ajili yake ninyi watoto wa tumbo moja mnasalimiana kwa kupitia kwangu, kama majirani waliogombania mpaka.

Nilianza kuziandika kurasa zile nilipostaafu, miguu ilipokataa kunipeleka kwa wajawazito, nikaona maneno yangu yaende badala yangu. Niliandika kama ninavyoongea, maandishi matupu, na wewe binti yangu ukaleta programu ndogo iliyoyageuza kuwa kurasa zisizo na mbwembwe, zinazofunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo na mtandao wa kuvizia.

Wewe mwanangu wa kiume ulipoziona ulisikitika. Ulisema mama yako hafai kuvalishwa gunia mbele za watu, ukanijengea tovuti mpya yenye rangi na muziki, na picha yangu kubwa hata mimi mwenyewe nilipoiona nusura niiamkie. Nilifurahi, sikatai. Dada yako alinuna, akasema huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kisha akanipigia simu dereva mmoja wa lori, mkewe amejifungulia njiani, mbali na hospitali. Hakusalimu. Alisema, "Mama Mkunga, ukurasa wako unazunguka tu, haufunguki, na mtoto ameshatoka." Nikamwambia amkaushe mtoto, amlaze kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, awafunike wote wawili, kitovu asikikate, kisha aendeshe taratibu hadi hospitali. Alipofika alinipigia tena, nikamsikia mtoto analia, nami nikalia naye. Lakini tangu siku ile wazo moja halijaniacha: ipo siku simu hii italia, na mimi sitakuwepo.

Kampuni iliyoihifadhi tovuti mpya ilipofungwa, vyote vikapotea, rangi na muziki, wala hawakutuaga. Maandishi yangu yalipona kwa kuwa wewe binti yangu ulikuwa umeyatunza, ukazirudisha zile kurasa za zamani ndani ya alasiri moja. Hapo ulifanya vyema. Ila ulimbadilishia kaka yako nywila, na ukasema mbele ya wageni kwamba ameua kazi ya mama. Neno lile lilimchoma, binti yangu, nami nililiona linavyoingia. Alitaka kuniheshimu, na kila mtu huheshimu kwa alichonacho mkononi.

Sasa nausia hivi. Mafaili ya maandishi yatakuwa ya dada. Anwani ya tovuti ni ya kaka, imekwisha kuandikwa kwa jina lake. Mmoja bila mwenzake ana maneno yasiyo na makazi, na yule mwingine ana nyumba tupu. Msinitazame hivyo, nimezalisha wengi, najua kuna watoto hawaji mpaka wasukumwe.

Nakala msizibanie, wapeni wakunga, wapeni kliniki, na yeyote atakayeomba. Wewe kaka, jicho lako lina kazi: herufi zisomeke na mtu anayetetemeka, na unichoree mchoro mmoja tu, mwepesi, wa mtoto kifuani kwa mama. Wewe dada, akikuletea mchoro, mwangalie kwanza usoni kabla hujakataa. Na wakunga wa leo wakisema mahali fulani nimepitwa na wakati, rekebisheni. Sitafufuka kuja kubishana.

Nipeni maji kidogo... Yatosha. Mkono wako uko wapi? Na wako? Ileteni hapa, yote miwili.

La mwisho. Nikishakwenda, msiweke tangazo la kifo changu kwenye ukurasa wa mbele. Wala picha. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu peke yake chumbani... hakuja kunililia. Amekuja kuuliza afanye nini. Mjibuni. Mjibuni upesi, kwa maneno mepesi...

Mungu awape subira, ninyi kwa ninyi. Awape watoto watakaowazika... mkiwa bado mnaitana kaka na dada. Mimi niko radhi nanyi, wote wawili, sawasawa...

Haya. Nendeni mkale. Pamoja.