Vibao vya Mikoko

Nassor alikaa katikati ya wanawake wawili, tuktuk ikitoka Bombolulu kwenda Mjambere. Wa kushoto, bibi wa makamo, alimuuliza mwenzake aliyepakata beseni la miche ya mikoko, "Mwapanda tena, mwanangu? Si mlipanda mwaka jana?"

"Twapanda pale pale, mama. Wakubwa wa serikali hawataki tope viatuni, kwa hivyo twapanda mchangani, mahali gari lao linapofika. Wakishapigwa picha huenda zao, na maji makuu yakija husomba miche yote."

"Na kule matopeni inakoota yenyewe?"

"Kule hawafiki."

Babake Nassor alikuwa akivua kamba kule, kabla mikoko haijakatwa. Siku hizi huenda na wavu, akarudi na wavu.

"Wallahi, nanyi hamuwaambii?" akauliza bibi.

"Tuliwaambia. Mwaka ule waliita kikundi kingine."

Tuktuk ikasimama. Yule wa miche akashuka, Nassor akampokeza beseni. Kila mche ulifungiwa kibao chenye jina la mkubwa, rangi imechujuka.

"Vibao ni vya zamani," akasema yule wa miche. "Hivi bahari huturudishia kila mwaka. Miche haijaturudishia hata mmoja."