Sista Cicily Wambeti na Maswali Aliyoyauliza Upya

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Sista Cicily Wambeti anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na sita. Alianza katika wadi ya upasuaji ya wanawake, na tangu 2015 amekuwa muuguzi wa kitengo chetu cha utafiti. Baadhi yetu tulizaliwa, tukasoma na kuajiriwa yeye akiwa hapa hapa, na bado anatuuliza kama tumenawa mikono.

Sista si mtu wa mzaha. Kwaya moja ilipokuja kuwaimbia wagonjwa saa ya kubadilisha bandeji, aliifukuza hadi langoni, kisha akarudi kufunga vidonda huku akiimba wimbo ule ule, tena sauti ya pili.

Hata hivyo, atakumbukwa zaidi kwa juma moja la mwaka 2017 ambalo sisi tuliokuwepo hatutamani lirudi.

Kitengo kilikuwa kinawafuatilia wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani, kisha wakajengewa jingine kwa msuli wa mgongoni, ule unaosaidia bega. Daktari Thuranira, mpasuaji aliyeongoza utafiti huo, alitaka kusikia kutoka kwao wenyewe: wanajionaje, wanaumwa, mkono unafanya kazi? Kazi ya kuwauliza ilikuwa ya Cicily. Naye, kama mama yeyote wa kanisa wa pande hizi, alifungua kila mahojiano kwa sala ya shukrani. Majibu yalikuwa mazuri mno. Hakuna aliyelalamika, tukafurahi, na ripoti ikaandikwa.

Kisha siku moja Ciakuthii, mkulima aliyekuwa ametoka tu kumjibu kwamba mkono haumsumbui, alionekana langoni akimwomba mtu wa bodaboda amwinulie kikapu chake cha ndizi. Mkono wake haukupita bega. Cicily alimfuata kuuliza kulikoni. Ciakuthii akacheka kwa aibu. "Sista, si tumetoka tu kumshukuru Mungu pamoja? Sasa ningeanza kulalamika aje?"

Cicily aliingiwa na hofu. Wadini alikuwa amelazwa Nelius, mchuma chai wa juu ya Runyenjes, aliyepangiwa upasuaji huo huo kesho yake. Alikuwa ameambiwa kwamba waliomtangulia wote wako sawa. Na mchuma chai anaishi kwa bega lake.

Tulimsikia akigonga mlango wa Daktari, na wengine wetu tukasimama kando ya ukuta bila haya. Alisema wazi kwamba majibu yale hayafai, kwamba yeye ndiye aliyeyaharibu, na kwamba Nelius hajaambiwa ukweli. Daktari alifoka. Kazi ya miaka miwili, ripoti tayari, na sasa ndipo anakuja kusema? Sista hakuondoka. Kule nje tulidhani ajira yake imeishia hapo. Mtu mmoja akaanza kuuma kucha.

Mwishowe Daktari aliahirisha upasuaji, akaenda mwenyewe kumwomba Nelius radhi. Majuma yaliyofuata, Cicily aliwarudia wale wanawake nyumbani kwao, wengine Runyenjes, wengine nyuma ya soko la Gakoromone. Safari hii aliuliza kwanza, akaomba baadaye. Wakichambua maharagwe pamoja naye, walisema: bega linalochoka kabla ya saa nne, kulala upande mmoja, mume anayegeuza uso. Walisema pia raha ya kuvaa blauzi bila kuijaza vitambaa. Ripoti mpya haikupendeza kama ile ya kwanza, lakini ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Nelius alielezwa yote, mazuri na mabaya. Tulitarajia akatae. Akasema, "Kikapu nitajaza nusu. Lakini hiyo kitu naitaka, nikisimama kanisani nisikuwe najishikashika." Alikuwa na sharti moja tu, kwamba Cicily ndiye atakayekuja kumwuliza hali baadaye. Mwaka uliofuata alijibu maswali yote, mengine kwa machozi, na hakujuta kuchagua.

Asante, Sista. Tutakukosa, hata wale uliowakaripia, na hao ni sisi sote. Tunakutakia maisha mema, na watu watakaokuuliza hali yako, kisha wakae wangoje jibu.