Bibi Maganda na Vali Zilizokatazwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, mkuu wa ghala letu la misaada anastaafu. Wengi humwita Bibi Maganda, naye huitika.

Alianza kwa kubeba maboksi, akapanda hadi kukabidhiwa funguo zote. Kisha nchi ikawekewa vikwazo, na kazi aliyoizoea ikageuka kitendawili.

Mtambo wa oksijeni unaolisha wodi nzima ya watoto wachanga katika hospitali tunayoihudumia uliharibika vali, kile kilango kinachofungulia na kufungia hewa. Tukaagiza nyingine; haikufika. Benki ilisema haijazuia malipo, inasubiri tu. Wenye meli walisema hawajaukataa mzigo, ila bima inasita. Waliotuwekea vikwazo nao walisema tiba haijaguswa. Bibi Maganda alimwuliza mkurugenzi sasa agombane na nani. Mkurugenzi akasema hata yeye anamtafuta huyo huyo.

Mwishowe tukaambiwa kwamba vali imekatazwa kwa sababu hutumika pia viwandani. Lakini mashine ndogo ya oksijeni, ya kumtosha mtoto mmoja, inaruhusiwa, pamoja na vali ile ile iliyomo ndani yake. Basi kila vali ya mtambo ilipokufa, tuliagiza mashine ndogo, tukaichomoa vali, wodi ikapumua.

Maganda ya mashine hizo, yaliyobaki bila vali, yakajaa ghalani. Tulimsihi Bibi ayatupe, akakataa, bila kutoa sababu ya maana. Dereva wetu, akiyaonyesha maganda, alimwuliza ni lini kuku wake hao watataga. Akajibiwa kwamba wakitaga, asije kuomba yai.

Mwezi uliopita amri ya vikwazo ilibadilika: vali ruksa, mashine marufuku. Mwanasheria wetu aliisoma mara tatu, akaomba maji ya kunywa. Wiki iyo hiyo injini ya mtambo mkubwa iliungua kabisa.

Bibi Maganda alifungua ghala. Vali tulizoagiza zilipofika kwa ndege, mafundi walizirudisha kwenye maganda, na kila kitanda cha wodi kikapata mashine yake. Wauguzi, waliokuwa wakipokezana mtungi wa mwisho wa oksijeni, wakakaa chini. Dereva alizibeba mashine mwenyewe, asitaje mayai.

Tunakushukuru, Bibi. Mtambo haujapona, na amri ile hatujaielewa bado. Lakini watoto wanapumua. Nenda ukachoshwe na wajukuu, ule ushibe, ulale usingizi mnono. Funguo tumezipokea, na hatutupi kitu.