Mkono wa Kila Machi: Kumuaga Mwalimu Fintan Devery

Baada ya miaka ishirini na tisa katika shule yetu ya kati ya Kamiokabe, Mwalimu Fintan Devery wa Ireland anastaafu tarehe 31 Machi. Alikuja kufundisha Kiingereza kwa mwaka mmoja tu. Walimu wakuu saba wamepita, yeye akabaki, pamoja na lile koti lake la kijani ambalo wengi wetu tungefurahi listaafu kabla yake.

Wiki yake ya kwanza aliwakuta wanafunzi wamepiga magoti wakideki korido, akamwendea mwalimu mkuu msaidizi uso umemwiva: "Watoto hawa wamekosa nini?" Akajibiwa, "Hawajakosa kitu, mwalimu. Ni saa ya usafi." Kesho yake alikuja na tambara lake. Tangu siku hiyo ngazi za ghorofa ya pili ni zake, na ole wake anayezipanda na viatu vya nje. "Kwetu mtoto akimwaga maziwa huita mtu," alipenda kusema. "Hapa huchukua tambara. Hili msiliache."

Hakusifu kila kitu. Kikao cha walimu cha Machi, mwisho wa mwaka wetu wa shule, hufungwa kwa mwalimu mkuu kuuliza, "Kuna la zaidi?" Sote tunajua hilo si swali, mambo yameshakubaliwa koridoni wiki nzima kabla. Mwalimu Fintan, Machi yake ya kwanza, alinyoosha mkono. Aliomba mazoezi ya michezo ya Jumapili yafutwe. "Mtoto aliyechoka hajifunzi, anavumilia tu. Na nyinyi mnampongeza kwa kuvumilia!" Tukatazama meza. Akajibiwa, "Tutalichunguza." Machi iliyofuata akanyoosha tena, na iliyofuata, mpaka walimu vijana wakawa wananong'ona, "Haya, jiandaeni, mkono huo unakuja."

Nami nilicheka nao. Ninasimamia tenisi, na kwa miaka kumi na minne sijui Jumapili inafananaje. Nilijua anasema kweli, lakini sikuwahi kumtetea hata kwa kikohozi. Huku nyuma binti yangu akakua, akahamia mji wa Sendai, na siku ya kufunga mizigo akaniambia, "Mama, watoto wa wenzio unawajua kuliko mimi." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana inaniuma hadi leo.

Mwezi huu mwalimu mkuu Nishiwaki aliuliza swali lake, nasi tukageukia kiti cha Mwalimu Fintan, yaishe twende zetu. Mikono yake ilibaki mezani. Akaniinamia na kunong'ona, "Mwaka huu nimechoka, Mwalimu Kuwabara."

Sijui nguvu nilizitoa wapi, maana nami nimechoka. Nilinyoosha mkono wangu. "Jumapili watoto wapumzike," nikasema. "Na sisi pia." Mwalimu Hoshina wa besiboli akanyoosha wake bila kumtazama mtu. Tukajibiwa, "Tutalichunguza." Siku tatu baadaye Mwalimu Nishiwaki alinifuata koridoni: tenisi ijaribu kupumzika Jumapili, Aprili tu.

Mwalimu Fintan, asante kwa ngazi safi, na utusamehe kwa kukuacha peke yako muda wote huo. Nenda ukapumzike, na afya ikufuate. Treni yako inaondoka Jumapili ya kwanza ya Aprili, saa nne asubuhi. Uwanja wa tenisi utakuwa umefungwa. Mimi na binti yangu tutakuwa stesheni.

Kuwabara Setsuko, mwalimu wa hesabu