Bi Subiri Anaondoka, Sauti Yake Inabaki

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupokea simu za watu wenye hasira, Bi Subiri anastaafu Ijumaa hii saa kumi jioni, miaka miwili kabla ya muda wake. Wageni waalikwa mtaona kwenye kadi kwamba ana jina jingine, lile la kwenye kitambulisho. Humu ofisini halijulikani sana. Mhasibu aliwahi kumtafuta nusu siku kwa jina hilo, kumbe ndiye aliyekuwa amekaa naye meza moja wakinywa chai.

Alipoajiriwa, kampuni yetu ilikuwa duka la kuazimisha kanda za filamu, lenye rafu za mbao na simu moja ya mezani. Alikaa kaunta. Biashara ilipohamia mtandaoni, mkurugenzi wa wakati huo alitaka sauti ya kupokea wateja, wakaletwa watangazaji wawili, na wote wakasikika kama wanatangaza msiba. Ndipo mtu akauliza kwa nini wanahangaika ilhali yule wa kaunta yupo. Akaingizwa stoo, dirisha likazibwa kwa mablanketi, akarekodi yote kwa asubuhi moja: karibu, bonyeza moja, bonyeza mbili, tafadhali subiri, tunathamini muda wako. Katikati alipiga chafya. Wenye masikio makali wanasema nusu ya chafya hiyo bado ipo, kabla ya bonyeza tatu.

Jina la Bi Subiri lilianzia hapo. Wateja walianza kumwita hivyo kabla yetu.

Kisha akapelekwa dawati la kujiondoa, na huko ndiko alikozeekea. Kwa wageni wasioijua kazi yetu, niseme wazi inavyokwenda. Mtu anajiunga kuangalia filamu, mwezi wa kwanza ni bure, halafu usajili unajihuisha wenyewe kila mwezi na hela inakatwa kimya kimya. Kujiunga ni kubonyeza kitufe. Kujiondoa ni kupiga simu, kusubiri, kueleza sababu, kukataa punguzo, kulikataa tena, ndipo umpate Bi Subiri. Wakimfikia wanakuwa wameshaiva. Yeye alikuwa anavua viatu chini ya meza, anabana simu begani, anawaacha watukane mpaka waishiwe maneno, kisha anawaambia haya, sasa tufanye kazi.

Alipigiwa siku moja na mzee aliyetaka kufunga usajili wa marehemu mke wake. Utaratibu wetu unamtaka mwenye usajili apige mwenyewe. Mzee alieleza mara ya kwanza, akaeleza mara ya pili, mara ya tatu akaanza kulia. Kwenye kompyuta kuna orodha ya sababu za kujiondoa, na kifo hakimo mpaka leo. Bi Subiri alichagua “amehama”, akafunga usajili ule, kisha akaenda chooni akakaa huko muda mrefu. Msimamizi alimkaripia kwa kukiuka utaratibu. Sisi tulimnunulia chai.

Alikuwa na desturi yake, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Wazee wengi walikata simu wakidhani wamejiondoa, kumbe hawajamaliza, na mwezi ukiisha wanakatwa tena. Kwa hiyo Bi Subiri hakumwachia mteja mpaka ujumbe wa kuthibitisha uingie kwenye simu yake, na mteja amsomee neno kwa neno. “Nisomee ujumbe uliokuja,” ndivyo alivyosema, kwa upole uleule, kwa kila mtu. Wakubwa walilalamika kwamba simu zake ni ndefu. Wateja wakazoea, wengine wakawa wanasoma hata kabla ya kuombwa. Tulijivunia desturi hiyo. Tuliwafundisha hata waajiriwa wapya.

Sasa nafika mahali ambapo kipeperushi cha kuagana huwa hakifiki. Hiki kimelipiwa kwa michango yetu wafanyakazi, kwa hiyo nitafika.

Mwaka juzi watu walianza kupigiwa simu na sauti ya Bi Subiri. Si sauti ya kufanana nayo, ni yake hasa, imerekodiwa kutoka kwenye laini yetu na kukatwakatwa. Kwanza ilikaribisha. Kisha ikaingia sauti ya kijana mwenye adabu, akasema usajili wako wa mwaka mzima unahuishwa leo, ukitaka kujiondoa bonyeza moja. Ukibonyeza, Bi Subiri anakwambia subiri. Ukishasubiri, kijana anarudi na kukwambia: nisomee ujumbe uliokuja.

Ujumbe wenyewe ulikuwa namba ya siri kutoka benki. Watu waliisoma. Walikuwa wamefundishwa kusoma, na aliyewafundisha ni mtu waliyemwamini. Wengine walisoma mpaka sentensi ya mwisho, ile inayosema usimpe mtu yeyote namba hii.

Mmoja wa waliosoma ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea Bi Subiri tangu mama yao alipofariki na kumlipia masomo kwa kushona sare za shule. Alikuwa na presha ya macho na alikuwa ameweka akiba ya operesheni. Daktari alishamwonya kwamba ugonjwa ule haungoji. Simu ilipolia akasikia sauti ya mdogo wake, akafurahi, akaiuliza watoto hawajambo. Sauti ikamwambia tafadhali subiri. Akasubiri. Kijana alipokuja, dada akasogea dirishani penye mwanga, akamsomea tarakimu moja moja kwa jicho lililokuwa na nafuu.

Akiba yote ikaondoka. Benki walisema namba ameitoa mwenyewe kwa hiari yake. Familia ilipomaliza kuchangishana ili kuanza upya, jicho moja lilikuwa limeshakufa.

Bi Subiri alipompigia kumpa pole, dada alikata alipomsikia tu. Akapiga tena, ikakatwa tena. Jumapili akaenda. Alifunguliwa mlango, akapewa kigoda karibu na cherehani, wakakaa. Aliyotuambia ya siku ile ni machache, na ninayaandika kwa ruhusa yake. “Mimi sikudanganywa na mtu nisiyemjua,” dada alimwambia. “Nilimsikia mdogo wangu. Sauti yako kwenye simu siitaki tena. Ukinitaka, njoo mwenyewe.”

Tangu siku iliyofuata hakumwomba mteja yeyote amsomee kitu. Aliwaambia wasimsomee mtu ujumbe, hata yeye. Wengine walikasirika, na bibi mmoja aliyemzoea miaka mingi alimwita tapeli na kumkatia simu. Bi Subiri alivaa viatu, akatoka nje, akarudi, akapokea simu iliyofuata.

Kisha akaomba sauti yake iondolewe kwenye laini. Alitaka hilo tu, na hakuomba fidia. Meneja alimjibu kwa heshima zote kwamba makubaliano aliyotia saini siku ile ya stoo yanajihuisha kila mwaka, isipokuwa mwenye sauti atoe taarifa katika mwezi wa mwisho, na mwezi huo ulikuwa umepita. Tuliokuwa karibu tulitazamana. Maneno hayo tunawaambia wateja kutwa nzima, na tulikuwa hatujawahi kuambiwa sisi.

Mwaka uliofuata aliwahi, akatoa taarifa mwezi huo ulipoanza tu. Akaelekezwa kwamba maombi yote ya kujiondoa, bila ubaguzi, hupitia laini ya wateja. Basi akakaa mezani kwake akapiga namba yetu, akajipokea mwenyewe. Karibu. Bonyeza moja. Tafadhali subiri. Chumba kizima tukamwangalia akijisikiliza akiambiwa kwamba muda wake unathaminiwa. Iliporudia mwanzo na kufika kwenye ile nusu chafya akatabasamu kidogo, akakata, maana mwisho wa laini ile ni dawati lake mwenyewe, akakunja mikono. Nilitamani kuung'oa waya wa simu ile ukutani, na bado natamani.

Ombi lake halijajibiwa hadi tunapochapa kipeperushi hiki. Na jicho la pili la dada limeanza kufifia. Ndiyo maana anaondoka kabla ya muda. Pale nyumbani anahitajika mtu wa kumtungia uzi kwenye sindano, wa kumwambia rangi ya kitambaa, na mtu huyo hawezi kuwa kwenye simu.

Mafanikio yake hayana kombe. Hakuwahi kuwa mfanyakazi bora wa mwaka, kwa sababu tuzo hiyo hupewa anayewabakiza wateja, naye kazi yake ilikuwa kuwatoa. Lakini wapo watu wengi, wasiomjua kwa sura, ambao hela yao ya mwezi haikatwi tena kwa sababu yake. Yule mzee wa marehemu mke wake alipiga mwezi uliopita kusema asante, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka akampata.

Kwa niaba ya wenzako wote, Bi Subiri, tunakushukuru kwa subira uliyotufundisha na kwa hasira ulizotupokelea. Uwe na maisha mema na marefu, wewe na dada yako, na jicho lile lidumu. Tutaendelea kuwadai wakubwa sauti yako mpaka watuchoke.

Na ninyi wageni wetu, kuanzia Ijumaa saa kumi jioni, mkipigiwa mkasikia sauti yake ikiwaambia msubiri, kateni. Huyo si yeye. Yeye amekwenda mwenyewe.