Nkwabi Mayala, Mtunza Ufunguo wa Ikulu

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padre, wazee wetu, ndugu waombolezaji, naitwa Shigela Mayala, mdogo wake marehemu, shule yangu ni ndogo, mnivumilie nikikwama.

Kaka yetu Nkwabi alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 hapa Usagara, mtoto wa kwanza wa mzee Mayala, fundi mwashi, na mama Kashindye. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akabatizwa mwaka 1944.

Mwaka 1952 aliajiriwa kufagia ikulu ya mtemi, nyumba ya mawe pale mlimani ambayo baba yetu aliijenga pamoja na wenzake mwaka 1938. Ngoma kuu ya utawala iliwekwa kwanza, ndipo ukuta wa chumba chake ukapandishwa kuizunguka, kwa hiyo haipiti mlangoni, na anayetaka kuitoa sharti abomoe. Utemi ulipofutwa mwaka 1963 nyumba ikawa ofisi, marehemu akabaki kama tarishi na mtunza ufunguo, na hakuna bwana mkubwa aliyeingia chumba kile na viatu vyake. Makarani walimtania wakimuuliza kama mtemi yupo, naye alijibu bila kucheka kwamba yupo, ila ana kikao.

Tarehe 8 Oktoba 1955 alifunga ndoa na shemeji yetu Suzana, Mungu akawajalia watoto sita, wanne wako hai, na wajukuu kumi na mmoja.

Sasa nisome sehemu ambayo niliiandika mara tatu nikaichana. Mwaka 1995, wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa, mmoja wao alikodi upande mmoja wa jengo, akataka chumba cha ngoma kiunganishwe na ukumbi apange marobota yake, na kazi ya kubomoa nilipewa mimi, maana nami ni fundi mwashi kama baba. Niliipokea kwa furaha, nikawa natamba kwamba Mkristo haogopi ngoma ya wapagani, na kaka nikamwita mshirikina, yeye aliyesali rozari kila siku kunizidi. Jumatatu tarehe 14 Agosti nilifika na nyundo na vijana wangu wawili, nikamkuta amekaa peku chini ya ukuta ule, kitasa ameshakifunga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shigela, baba aliujenga huu kwa mikono yake, ukianza, anza na mimi."

Nilisimama pale hadi jua likawa kali, nikarudi nyumbani na nyundo yangu. Mnunuzi alichoka kusubiri, akahamia Buhongwa, na ngoma ipo mpaka leo.

Watu walipouliza ilikuwaje, kaka aliwajibu kwamba mdogo wake fundi ndiye aliyekataa kubomoa kazi ya baba, nami nikanyamaza. Mlinisifia jumuiyani, mwaka 1996 mkanipa joho la heshima kwenye sherehe ya kumbukumbu ya jengo la ikulu, yeye akiwa nyuma ya watu, anapiga makofi. Joho hilo leo nimelitandika juu ya jeneza lake, maana ni lake, na ninyi wote, pamoja na shemeji, naomba mnisamehe.

Februari mwaka huu 1998 presha ilimpanda, akapata kiharusi, akalazwa Mwanza mjini, na Jumanne tarehe 9 Juni, saa kumi na moja alfajiri, Bwana alimwita, ufunguo ukiwa umefungwa kwenye kona ya shuka yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi matangani, Baba Padre, na watumishi wa ofisi za ikulu, ambao asubuhi hii, nimeambiwa, waliingia chumba cha ngoma kumuaga wakiwa wamevua viatu, bila mtu wa kuwakumbusha.

Kaka, ukuta umesimama, na sifa yako nimekurudishia mbele ya watu. Pumzika kwa amani, na mimi uniombee niipate.